Njia ya Funza: Kutoka Ambriz hadi Bahari ya Hindi, 1872–1899

Wamisionari wa Betheli walipofika Bukoba mwaka 1910, funza alikuwa amekwisha kuwa mwenyeji. Watoto wa miaka ile walikua wakidhani kwamba mdudu huyo amekuwapo tangu kuumbwa kwa nchi, na hata leo wako wanaomhesabu kuwa laana ya ukoo. Jina lake nalo lapotosha: neno funza ni la kale, lakini zamani lilimtaja buu alaye nyama na matunda, si kiroboto huyu aingiaye mguuni.

Safari yake yaweza kuchorwa kwenye ramani. Asili yake ni Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibi. Mwaka 1872 meli ya Kiingereza, Thomas Mitchell, ilitia nanga Ambriz, Angola, ikitokea Rio de Janeiro. Yasemekana funza walishuka pamoja na mchanga uliotiwa tumboni mwa meli ili kuipa uzito. Wakaenea hadi mlango wa mto Kongo, wakapanda na mto, kisha wakafuata misafara kuelekea maziwa makuu. Waandishi wengi humlaumu Stanley, aliyevuka bara kutoka Kongo hadi Bagamoyo kati ya 1887 na 1889. Lawama hiyo ina ukweli wake, ila yamtwika mtu mmoja mzigo wa wengi. Funza jike aliyejikita chini ya ukucha hudondosha zaidi ya mayai 100 kwa muda wa majuma machache, na wapagazi wasio na viatu walilala kila siku kambi nyingine.

Mwaka 1892 Oscar Baumann, msafiri wa Austria, alipita Uzinza, kusini-magharibi mwa Ziwa Viktoria. Aliyoyaeleza yanatisha: watu waliopoteza viungo, na vijiji vilivyogeuka mahame. Sotoka ilikuwa imekwisha kufagia ng'ombe, na mwenye miguu iliyooza angelimaje? Wenyeji hawakujua bado kwamba funza hutolewa mapema, kwa mwiba au sindano, kabla hajavimba kiasi cha njegere. Huko Amerika maarifa hayo yalikuwa ya kale. Mdudu alisafiri upesi kuliko dawa yake, na katika pengo hilo la miaka michache ndipo watu walipoangamia. Palipozoeleka kuchokoa miguu kila jioni, ukali wa ugonjwa ulipungua, ingawa maskini na wasiojiweza waliendelea kuteseka.

Kufikia mwisho wa miaka ya 1890 funza alikuwa Unguja na pwani yote, na vyombo vya baharini vikampeleka tena Madagaska na Bombay. Mwaka 1899 Mjerumani Paul Hesse alipochapisha makala juu ya kuenea kwake katika Afrika, safari ya bahari hadi bahari ilikuwa imekamilika, kwa miaka isiyozidi 27.