Radio ya Jiwe

Katika nyumba zetu mna vitu vingi tunavyovitumia kila siku bila kujua namna vinavyofanya kazi. Tunageuza kifungo, na sauti ya mtu aliye mbali inasema mbele yetu. Siku kitu kile kinapokufa tunakitikisa, tunakipiga kofi, kisha tunakiweka juu ya kabati, basi. Wengi wetu tulipokuwa watoto tulikatazwa kabisa kugusa radio ya baba. Tulidhani mna watu wadogo ndani yake. Leo tunataka kuwasimulia habari za watu ambao hawakuogopa sanduku lile. Walilitengeneza wenyewe, juu ya meza ya chakula, kwa waya, jiwe na uvumilivu. Mtaona ya kuwa ujuzi huo mdogo uliwafaa sana siku ya taabu.

Habari hizi zinaanza karibu na mambo ya nchi yetu. Kabla ya vita ya 1914, Mbelgiji mmoja mwenye elimu, Robert Goldschmidt, alishughulika na kujenga vituo vya simu ya upepo katika Kongo. Ili Ulaya iweze kusemezana na Kongo, kituo kikubwa kilijengwa Laeken, karibu na Brussels. Kazi yake ilikuwa kupeleka alama za simu. Lakini tarehe 28 Machi 1914 mafundi wa kituo kile walipeleka hewani nyimbo na muziki, na baada ya siku ile wakaendelea kupiga muziki kila juma.

Nani aliwasikia? Siku zile radio ya nyumbani haikuwa bado kitu cha dukani. Waliosikia walikuwa hasa watu wa kupenda kujaribu, waliojitengenezea chombo kwa mikono yao baada ya kazi. Furaha yao haikudumu. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule Wajerumani waliingia Ubelgiji, na kituo cha Laeken kikabomolewa. Lakini watu walikuwa wamekwisha kujua ya kuwa sauti yaweza kuingia nyumbani bila waya.

Chombo chao kilikuwa cha namna gani? Tukieleze, maana ni rahisi kuliko mnavyodhani. Kwanza, waya mrefu unafungwa juu, toka paa hata mti, ili kukamata mawimbi yanayopita hewani. Pili, waya mwembamba unazungushwa mara nyingi juu ya bomba la karatasi ngumu; huo unasaidia kuchagua kituo kimoja kati ya vingi. Tatu, kuna jiwe. Linaitwa galena, nalo ni jiwe la madini ya risasi, lenye kung'aa. Nne, kuna kisikilizio cha kutia sikioni. Tano, waya mwingine unashuka mpaka ardhini.

Jiwe ndilo lenye siri. Mwaka 1874 Mjerumani Ferdinand Braun aliona ya kuwa mawe mengine ya madini hupitisha umeme vizuri upande mmoja, na upande wa pili huuzuia, kama mlango unaofunguka kwa nje tu. Mwaka 1904 Jagadish Chandra Bose, mtu wa Uhindi, alipata hati ya serikali ya Marekani kwa chombo cha kutambua mawimbi kwa galena. Wimbi la radio huenda na kurudi upesi sana, hata sikio haliwezi kulisikia. Jiwe huacha upande mmoja upite, na hivyo sauti iliyobebwa na wimbi husikika. Betri haitakiwi. Nguvu yote hutoka katika wimbi lenyewe. Kwa sababu hiyo sauti ni ndogo: mmoja asikiliza, nyumba nzima sharti inyamaze. Tena msikilizaji alipaswa kuligusa jiwe kwa ncha ya waya, hapa na pale, mpaka apate mahali panaposema. Mkono ukitikisika, sauti yapotea, naye aanza tena.

Sasa tuvuke bahari twende Marekani. Katika Wilkinsburg, karibu na mji wa Pittsburgh, alikaa Frank Conrad, mfanyakazi wa kampuni ya Westinghouse. Katika gereji ya nyumba yake alijenga chombo cha kupeleka sauti, akapiga sahani za muziki kwa kujifurahisha. Wapenda radio wa mtaani wakamsikia katika vyombo vyao, wakamwandikia barua kumwomba nyimbo. Mwaka 1920 duka moja la mji likatangaza ya kuwa linauza vyombo vya kumsikiliza Conrad. Wakubwa wa kampuni wakafumbuka macho. Tarehe 2 Novemba 1920 kituo chao, KDKA, kilitangaza matokeo ya uchaguzi wa rais. Na mwaka 1922 ofisi ya vipimo ya serikali ya Marekani ilichapa kijitabu cha kufundisha watu kujitengenezea radio nyumbani. Wahenga walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Kumbe kazi ile kubwa ya kutangaza kwa radio ilikuzwa na watu wa gereji na wa meza ya chakula!

Baadaye radio za kiwanda zilienea. Zilikuwa na sauti kubwa, na kila mtu aliweza kuzitumia. Ni jambo jema. Lakini mtu akipokea chombo asichokijua, mwenye kukitoa aweza kukitumia kwa kumtawala. Mwaka 1933 serikali ya Hitler ilitoa radio ya bei ndogo, mark 76, ili kila nyumba ya Ujerumani isikie maneno ya wakubwa. Chombo kile hakikuwa na nguvu nyingi za kushika vituo vya mbali. Vita ilipoanza Septemba 1939, kusikiliza vituo vya nchi nyingine kukakatazwa kwa adhabu kali. Mwenye kueneza habari alizozisikia aliweza hata kuuawa.

Uholanzi, iliyokuwa chini ya Wajerumani toka 1940, watu walisikiliza kwa siri sauti ya nchi yao iliyotoka London. Basi mwezi wa Mei 1943 amri ilitoka: kila mtu alete radio yake. Wengi walizipeleka, wengine walizificha. Na waliojua kazi walirudia jiwe. Walitengeneza radio ndogo za kufichika ndani ya kopo au kisanduku. Kisha ikaja baridi ya 1944 na 1945, wakati wa njaa kubwa. Katika upande wa magharibi wa nchi ile umeme ulikatwa katika nyumba. Radio kubwa zilizofichwa zikawa bubu, maana ziliutegemea umeme. Radio ya jiwe haikuuhitaji. Fikirini nyumba ile: hakuna moto, hakuna mkate, na mtu mmoja ameinama gizani, ameshika ncha ya waya, anawanong'oneza wengine habari za ukombozi unaokaribia.

Mwaka ule ule wa 1944, askari wa Marekani walikuwa katika mashimo ya vita huko Anzio, nchi ya Italia. Hawakuwa na galena. Walichukua wembe wa kunyolea ndevu, wakaugusa kwa pini au kwa risasi ya kalamu, nao ukafanya kazi ya jiwe. Hivyo walisikia muziki katika shimo.

Msidhani ya kuwa hayo ni ya Wazungu tu. Malawi, karibu na Kasungu, kijana William Kamkwamba alizoea kufungua radio zilizokufa na kuzitengeneza pamoja na binamu yake. Wakati wa njaa ya 2001 na 2002 aliacha shule kwa kukosa karo. Katika maktaba ya shule ya msingi alikuta kitabu cha Kiingereza juu ya nguvu za umeme. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, basi akafuata picha. Kwa baiskeli mbovu, pangaboi la trakta na mabomba ya plastiki alijenga mashini ya upepo, akawasha taa nyumbani kwao. Watu waliomcheka akiokota vyuma, baadaye walimletea simu zao atie umeme.

Na sisi je? Kobalti inayochimbwa Kolwezi inaingia katika betri za simu za mkononi. Koltani ya Kivu inatoa madini yanayotumika ndani yake. Mawe ni ya kwetu, lakini chombo chenyewe tunakiogopa kama tulivyoiogopa radio ya baba. Hata hivyo, tazameni sokoni, kwenye kijimeza cha fundi wa simu. Ana bisibisi, waya na kioo cha kukuzia, naye anafufua vitu vilivyokwisha kutupwa. Tusimdharau. Yeye ni ndugu ya wale wa Laeken na wa Wilkinsburg.

Basi, ndugu wazazi, mtoto wenu akiomba radio iliyokufa, mpeni. Mwonyeni asiguse kamwe chombo kilichofungwa kwenye umeme wa nyumba, maana huo unaua. Mpelekeni kwa fundi aketi pembeni na kutazama. Atavunja vitu kadhaa, ni kweli. Lakini vitu hivyo vilikuwa juu ya kabati tu, vikikusanya mavumbi.