Plaji za Bujumbura na Maji ya 1964

Bujumbura haina bahari lakini ina plaji. Siku ya Jumapili watu wanateremka Saga Plage, kule njia ya Gatumba, wanakula mukeke wa kuchoma, watoto wanaogelea. Mgeni anaweza kudhani mji huu ulianza kwa starehe. Hapana, ulianza kwa askari.

Wajerumani waliweka kambi ya jeshi hapa mwaka 1897, ikaitwa Usumbura. Wabelgiji wakaichukua 1916, wakapanga mji kwa rangi ya ngozi: Wazungu Rohero, Waafrika Bwiza na Buyenzi. Buyenzi ikawa mtaa wa Waswahili, wafanyabiashara na wavuvi waliotoka pande zote za ziwa. Ndo maana hata leo mkimbizi wa Uvira akifika Buyenzi anakuta Kiswahili kimeshatandika mkeka.

Sasa tuje kwa ziwa lenyewe. Tanganyika ina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga, kule Kalemie. Maji mengi zaidi yanaondoka kwa kukaushwa na jua. Kwa hiyo mvua ikizidi, ziwa linapanda, na kushuka kwake ni polepole sana. Mvua kubwa za miaka ya 1961 na 1962 zilianza kulipandisha, mpaka 1964 likafika juu kabisa. Halafu likarudi nyuma, ikabaki nchi kavu nzuri. Watu wakajenga hoteli, baa na nyumba za udongo. Sheria ya maji ya 2012 ilikataza kujenga ndani ya mita 150 kutoka ziwani, lakini nyumba nyingi zilikuwa zishasimama.

Aprili 2020 mto Rusizi ulivunja kingo, Gatumba ikajaa maji. Mwaka 2024 ziwa likapanda tena karibu na alama ya 1964. Maji yaliingia hotelini na kwa mvuvi vilevile, ila mvuvi ndiye aliyeishia hemani. Kwa sababu hakuvuka mpaka, haitwi mkimbizi, anaitwa mhamaji wa ndani. Jina tofauti, hema lilelile.

Ndugu zetu wa mashirika, kabla ya kupima kiwanja cha kuwahamishia watu, waulizeni wazee wa huku maji ya 1964 yalifika wapi. Na sisi vijana tuandike majibu yao sasa, maana aliyekuwa na miaka 10 wakati ule, leo keshavuka 70.