NFL: Kwa nini wakimbiaji wa mpira huchakaa mapema?

Katika soka la Marekani kuna mchezaji ambaye kazi yake ni kupewa mpira mkononi na kukimbia nao kuelekea ukuta wa mabeki. Tumwite mkimbiaji. Karibu kila safari yake huishia chini, mara nyingi akiwa amelaliwa na watu wawili watatu wenye zaidi ya kilo 100.

Mwaka 2006, Larry Johnson wa Kansas City Chiefs alibeba mpira mara 416, rekodi ya msimu mmoja ambayo haijavunjwa. Alipata yadi 1,789. Msimu uliofuata alivunjika mguu, akacheza mechi nane tu na kuambulia yadi 559.

Terrell Davis wa Denver Broncos naye alibeba mara 392 mwaka 1998, akafikisha yadi 2,008. Mwaka 1999 goti lake liliumia katika mechi ya nne, na hakuwa tena yule yule.

Mwili unachakaaje?

Tatizo ni mrundikano. Kila anapokata kona ghafla, goti na kifundo hubeba uzito wote. Kila anapogongwa, misuli huumia kidogo. Mechi ni karibu kila wiki, hivyo hurudi uwanjani kabla maumivu ya wiki iliyopita hayajaisha.

Wote huisha hivyo?

Hapana. Derrick Henry alibeba mara 378 mwaka 2020, akavunjika mguu 2021, lakini mwaka 2024, akiwa na miaka 30, alipata yadi 1,921. Tena, aliyetoka kwenye msimu wake bora kwa kawaida hushuka hata asipoumia.

Na pesa je?

Hapo ndipo penye uchungu. Mkataba wa kwanza wa kijana aliyechaguliwa na timu ni wa miaka minne, kwa malipo yenye kikomo. Ndiyo miaka anayotumiwa sana. Akija kudai pesa nono, timu inaangalia kwanza magoti. Todd Gurley alisaini mkataba wa karibu dola milioni 60 mwaka 2018. Los Angeles Rams wakamwacha 2020, goti lake likiwa gumzo. Alikuwa na miaka 25.

Sasa timu nyingi hugawa kazi. Mwaka 2023 Detroit Lions waliwatumia wawili: David Montgomery alipata yadi 1,015, Jahmyr Gibbs 945. Miguu hupumzika, ila mkimbiaji anayegawana mpira hupata shida kudai mshahara wa nyota.