Nakshi za Groteski na Bamba la Shaba: Kutoka Ukuta wa Roma hadi Karatasi ya Antwerp

Nakshi za groteski huchanganya binadamu, mnyama na mmea katika umbo moja: kiwiliwili cha mwanamke huishia kwenye majani, na bua jembamba hubeba jumba zima. Asili yake ni michoro ya Kirumi ya kale. Kuanzia miaka ya 1480 hivi, wachoraji waliteremka katika vyumba vilivyofukiwa vya Domus Aurea, kasri la Kaisari Nero mjini Roma. Kwa kuwa vyumba hivyo vilifanana na mapango, yaani grotte kwa Kiitaliano, michoro yake iliitwa grottesche. Neno hilo limo katika mkataba wa mwaka 1502 uliompa Pinturicchio kazi ya kupamba Maktaba ya Piccolomini huko Siena.

Ni rahisi kuichukulia michoro iliyochongwa katika shaba na kupigwa chapa kuwa ni nakala tu ya kazi za ukutani. Mtazamo huo haujitoshelezi. Mchongaji Nicoletto da Modena aliingia Domus Aurea mwenyewe, na jina lake pamoja na mwaka 1507 vimebaki ukutani humo. Hata hivyo, bamba la shaba halikuweza kubeba rangi wala ukubwa wa chumba, lilibeba mstari. Nakshi iliyotengwa na ukuta wake iligeuka kielelezo ambacho sonara, mchonga mbao au mfinyanzi aliweza kukikata na kukipanga upya kulingana na kazi yake.

Mabadiliko hayo yanadhihirika Antwerp. Sanamu za Cornelis Floris, zilizochapishwa na Hieronymus Cock mwaka 1556 na 1557, zimenaswa ndani ya mikanda iliyokunjamana mithili ya ngozi au chuma. Wepesi wa michoro ya Kirumi umegeuka kifungo. Hapa chapa haikunakili, ilibuni.

Ubunifu huo ulikuwa na wapinzani. Vitruvius, katika kitabu chake cha saba kuhusu ujenzi, alikuwa amekwisha kulaani uchoraji wa vitu visivyokuwapo na visivyoweza kuwapo. Mwaka 1582, Kadinali Gabriele Paleotti wa Bologna alizishambulia groteski kwa hoja ya ukweli wa picha. Kufikia wakati huo, lakini, kupaka chokaa ukuta mmoja kusingeweza kuziondoa: karatasi zilikwisha kuenea katika karakana za Ulaya. Kwa hiyo, historia ya groteski haikamiliki pasipo historia ya chapa, kwani ndiyo iliyoipa nakshi hiyo uhuru wa kuishi mbali na pango lake.