Mtunzaji

Aprili mwaka jana nilikuwa nimeketi kwenye matatu, steji ya Ruiru, tukingoja ijae. Nikaandika anwani ya blogu yangu kwenye simu, nikapata tovuti ya kubeti. Sikuwa nimelipia kikoa. Barua za kunikumbusha zilikuwa zikienda kwa akaunti niliyofungua nikiwa chuo Thika, na chuo niliacha mwaka wa tatu, kwa hivyo akaunti nayo ilifungwa. Makala 61 yalienda hivyo. Pesa yenyewe haikufika hata elfu mbili.

Mengi sikuyalilia. Kuna moja nililoandika kuhusu kuvunjwa moyo na msichana wa Makongeni, hilo afadhali lilizama. Lililoniuma ni moja tu, la guka.

Guka alikulia Gatanga, juu ya Thika. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alikuwa mtoto ambaye hajajua kusoma, na aliniambia vile gazeti la Mumenyereri lilivyofika kwao: nakala moja, msomaji mmoja, watu wazima wamemzunguka kimya, watoto wakifukuzwa na kurudi. Alikumbuka jina la yule msomaji, na hata vile alivyokuwa akikohoa kabla ya kuanza. Guka alifariki 2021. Sikuwa nimemrekodi. Niliandika tu, nikaweka mtandaoni, nikadhani nimehifadhi.

Tangu siku hiyo ya matatu nimekuwa nikimsoma mwenye gazeti hilo, Henry Muoria, kama mtu anayetafuta ndugu aliyepotea. Alizaliwa 1914 Nyathuna, Kabete, Kiambu hii hii yetu. Shule alipata kidogo. Akawa gadi wa treni, na huko reli ndiko alikojifunza uandishi wa habari, kwa kozi ya posta. Usiniambie eti kujifunza mtandaoni kulianza na YouTube. Mwaka 1945 alitoa kijitabu cha kuwauliza watu wake wafanye nini na maisha yao, kisha akaacha mshahara wa reli akaanzisha gazeti.

Fikiria hilo kidogo. Gazeti kubwa la wakati huo, East African Standard, lilisema lugha ya masetla. Hata Thika yenyewe, ulimwengu uliijua baadaye kupitia kitabu cha mtoto wa setla, The Flame Trees of Thika, cha 1959. Muoria aliandika kwa Kikuyu, kwa watu ambao hakuna mhariri wa Nairobi aliyewahesabu kuwa wasomaji. Mwanzoni alitegemea wachapishaji Wahindi, baadaye akapata mashine yake. Kenyatta aliporudi kutoka Uingereza mwaka 1946, Muoria alizifuata hotuba zake na kuziweka kwa karatasi. Matangazo ya mikutano, barua za wasomaji, mabishano ya ardhi, maadili, elimu, yote humo.

Na jina. Mumenyereri maana yake ni mtunzaji, yule anayechunga kitu kisiharibike. Jina refu lilisema ni mtunzaji wa mambo mema ya Ugikuyu. Mimi blogu yangu niliipa jina la wimbo, silitaji hapa kwa aibu.

Mwaka 1952 Muoria alisafiri kwenda London. Oktoba 20 gavana Evelyn Baring akatangaza hali ya hatari, na magazeti ya Waafrika, likiwemo lake, yakapigwa marufuku. Hakurudi. Akatafuta kazi, na kazi aliyopata ilikuwa ya gadi wa treni, za chini ya ardhi safari hii. Miaka saba ya kuwa mwenye gazeti, halafu mtu anarudi kwenye kipenga na bendera. Huwa nasimama hapo kila nikisoma. Gakaara wa Wanjau, mwandishi mwingine wa Kikuyu aliyefukuzwa Alliance kwa mgomo, alishikwa mwaka huo huo na kuwekwa kizuizini hadi 1960. Huko alificha shajara, ikaja kuwa kitabu kilichoshinda tuzo ya Noma 1984.

Sisi wa blogu tulidhani mambo hayo yaliisha. Desemba 30, 2007, serikali ilipozima matangazo ya moja kwa moja, watu kama Ory Okolloh waliendelea kuandika mtandaoni, na Ushahidi ikazaliwa Januari iliyofuata. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilifuta kifungu cha 29 kilichokuwa kikitumika kuwashika watu kwa maneno ya mtandaoni. Tukashangilia. Miaka miwili baadaye ikaja sheria ya makosa ya kompyuta, na ilipopitishwa, kuchapisha habari za uongo kungeweza kukupeleka ndani miaka kumi au kukutoza milioni tano.

Lakini wacha niseme ukweli: mimi sikuzimwa na serikali. Hakuna gavana aliyejua nipo. Nilizimwa na uvivu wangu na akaunti ya chuo. Tunapenda kusema tunaandika huru, bila bosi, halafu kila kitu tumekiweka kwa nyumba ya mtu na hatujui rent inalipwa lini. Muoria alinyang'anywa gazeti, lakini maandishi aliendelea kuyachunga huko London, na 1994 kitabu chake, I, the Gikuyu and the White Fury, kilitolewa Nairobi. Alifariki 1997. Miaka arobaini na zaidi ya kubeba makaratasi nyumba hadi nyumba.

Sasa nalipia kikoa miaka mitatu mbele, kwa barua pepe yangu mwenyewe, na kila makala nalihifadhi kwa flashi na kwa simu ya dadangu. Ni kazi ya kuchosha, na hakuna anayeilaiki.

Mwezi uliopita nilikuwa kwa mama, Thika. Akafungua ile bahasha yake ya vyeti vya kuzaliwa na risiti za ploti, akatoa karatasi zilizokunjwa. Kumbe alikuwa ameprinti makala ya guka kwa saiba, shilingi kumi kila ukurasa, awasomee wenzake wa chama. Nilianza kuyachapa upya hapo hapo mezani. Guka yuko, mti uko, watoto wanafukuzwa. Ukurasa wa nne, ule wenye jina la msomaji, haumo. Mama anasema labda ulibaki kwa mama mmoja wa chama aliyehamia Juja, na nimeshapata namba yake.