Nafplio: Kula vyema kwa pesa chache katika pwani ya Ugiriki

MSAFIRI mwenye mfuko mwembamba anapofikiria miji ya pwani barani Ulaya, huamini kwamba mlo wa heshima haumhusu. Katika mji wa Nafplio, kaskazini mashariki mwa rasi ya Peloponnese nchini Ugiriki, imani hiyo haina mashiko, mradi ajue anachoagiza.

Nafplio ni mji mkongwe ulio kando ya Ghuba ya Argos, takriban kilomita 140 kutoka Athens. Ulikuwa makao makuu ya taifa jipya la Wagiriki kuanzia 1829 hadi 1834, serikali ya Mfalme Otto ilipohamia Athens. Kiongozi wa kwanza wa taifa hilo, Ioannis Kapodistrias, aliuawa hapa mwaka wa 1831 nje ya kanisa la Mtakatifu Spyridon, na hadi leo wageni huonyeshwa alama ya risasi ukutani.

Garimoshi halifiki tena mjini humo. Wengi hupanda basi la KTEL katika kituo cha Kifissos jijini Athens, safari ya saa mbili na nusu hivi, wakipitia eneo la Korintho, ile ya nyaraka za Mtume Paulo.

Kwa Mkenya, gharama nzito huanza kabla ya kuondoka nyumbani. Tangu Juni 2024, ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ni Euro 90, na hairudishwi ombi likikataliwa. Aidha, lazima awe na bima ya usafiri isiyopungua Euro 30,000. Aliyekwisha kulipa hayo yote hana budi kuichunga kila Euro anapofika mezani.

Mtego mkubwa ni samaki. Katika mikahawa mingi samaki wa kuchoma huuzwa kwa kilo, na bei iliyoandikwa kwenye orodha ni ya kilo nzima, wala si ya sahani. Mgeni asiyejua humwonyesha mhudumu samaki mnono, kisha hushtuka bili inapoletwa. Dawa ni kuomba samaki apimwe mbele yako na kutajiwa bei kabla hajapelekwa jikoni.

Lakini wenyeji wenyewe hawali samaki wa bei ghali kila siku. Huagiza gavros na marida, samaki wadogo wanaokaangwa na kutafunwa wakiwa wazima kama omena wetu, au dagaa wa kuchoma wenye ndimu. Hivi huuzwa kwa sahani. Pweza wa kuchomwa makaani ni mtamu, ila bei yake si ya maskini. Sahani moja ya watu watatu yatosha kuonja.

Hapo ndipo penye siri ya meza ya Kigiriki. Chakula huwekwa katikati, vijisahani vingi vinavyoitwa meze, na kila mtu huchovya mkate wake. Anayeagiza sahani yake peke yake kwa kawaida hulipa zaidi na kuonja machache. Mchana, tafuta mikahawa inayopika vyakula vya sufuria: maharagwe makubwa meupe yaliyookwa kwa nyanya, au nyanya na pilipili hoho zilizojazwa wali na mafuta ya zeituni. Ni vyakula vilivyozoeleka wakati wa mfungo wa Kanisa la Kiorthodoksi, na kwa maoni ya mwandishi huyu vinashinda nyama nyingi.

Mkate huletwa bila kuagizwa na mara nyingi hutozwa. Usipoutaka, sema mapema. Vyakula vilivyogandishwa vinapaswa kuonyeshwa kwenye orodha, aghalabu kwa kinyota kando ya jina.

Kuhusu vinywaji, mvinyo wa nyumba ni nafuu kuliko wa chupa, na Wagiriki huupima kwa kilo, yaani lita. Omba nusu kilo. Bonde la Nemea, linalosifika kwa mvinyo mwekundu wa zabibu za Agiorgitiko, haliko mbali. Retsina, mvinyo wenye utomvu wa msonobari, huwagawanya wageni: wapo wanaoufurahia na wapo wanaodai unanukia kama rangi ya nyumba. Ouzo ni kinywaji kikali chenye ladha ya anisi ambacho hugeuka cheupe kama maziwa kikitiwa maji, kwa kuwa mafuta ya anisi hayayeyuki majini. Hunywewa polepole, pamoja na chakula. Anayekigugumia tumbo likiwa tupu hatakumbuka alichokula.

Malazi huwa ghali Ijumaa na Jumamosi, wakazi wa Athens wanapofurika mjini. Afadhali kufika Jumatatu. Tangu 2025, kati ya Aprili na Oktoba, kila chumba cha hoteli hutozwa ushuru wa tabianchi wa kati ya Euro 2 na 15 kwa usiku kulingana na nyota za hoteli, na mara nyingi hulipwa papo hapo, juu ya bei uliyoelewana.

Kuogelea katika ufuo wa changarawe wa Arvanitia ni bure. Kinacholipiwa ni kiti na mwavuli. Ngome ya Palamidi, iliyojengwa na watu wa Venice kati ya 1711 na 1714, ina kiingilio, na wenyeji husema ngazi zake ni 999. Wanaozihesabu hupata pungufu, lakini magoti hayatambui tofauti.

Usiku, usiketi mezani saa kumi na mbili jioni. Wenyeji hula kuanzia saa tatu. Ukimaliza, huenda ukaletewa tunda au kitamutamu bila malipo. Bili nayo iwe na stakabadhi: kwa sheria ya Ugiriki, mteja asiyepewa stakabadhi halazimiki kulipa.