Django na Kodi ya Maina

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, na nyinyi wadogo zetu mlioko madarasani sasa, kodi ninazozisimulia hapa si zile za mapato zinazonishughulisha ofisini. Ni kodi za gitaa, hasa zile za maina za muziki wa jazi ambazo wapigaji wengi huziogopa.

Django Reinhardt alizaliwa Ubelgiji mwaka 1910, katika jamii ya Waroma waliohamahama na magari yao. Mwaka 1928, karibu na Paris, gari alimoishi liliwaka moto. Mkono wake wa kushoto uliungua, na kidole cha pete na cha mwisho havikupona sawasawa. Alikuwa na miaka 18, tayari akila kwa muziki. Ikambidi ajifunze upya.

Maina ya A ina sauti tatu: A, C na E. Django alipenda kuiongezea ya sita, yaani F-shapu. Jaribuni, mkihesabu nyuzi kuanzia ule mwembamba. Kidole cha kwanza kikae uzi wa nne, freti ya nne. Cha pili uzi wa sita, freti ya tano. Cha tatu kilazwe juu ya uzi wa tatu na wa pili, freti hiyohiyo ya tano. Uzi wa kwanza na wa tano zinyamaze. Kodi hiyo ndiyo msingi wa "Minor Swing", aliyoirekodi mwaka 1937 pamoja na mpiga fidla Stéphane Grappelli.

Huko Marekani, Dizzy Gillespie alisimulia kwamba Thelonious Monk ndiye aliyemwonyesha maina ya sita yenye ile sita chini kabisa. Vitabu vya leo huipa jina refu zaidi, lakini sauti ni zilezile nne. Tena mpiga besi akigonga D chini yake, inageuka kuwa D ya tisa. Mkao mmoja, kazi tatu! Anayekariri kurasa za kodi bila kulijua hilo anajitesa bure.

Mimi nilionyeshwa bwenini, miaka ya 1990, na kaka mmoja wa kidato cha sita, kwa gitaa lililokatika uzi wa kwanza. Nilimwuliza kodi hiyo inaitwaje. "Bonyeza kwanza," akanijibu. Nilikwisha kuwa mtumishi wa serikali nilipopata gitaa zima, ndipo nikatambua kuwa katika mkao ule uzi wa kwanza hauguswi kabisa.